Kiwanja cha Mbalamwezi

Tangu lami ishuke kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, tumepata neema ya madalali. Zamani kinyozi alikuwa kinyozi tu. Siku hizi anakuuliza, wembe ukiwa shingoni, kama una mpango wowote na ardhi ya ziwani. Dereva wa bodaboda ana viwanja vya kuuza, muuza chipsi ana shamba la kahawa la kuuza, na wote wana habari moja ya uhakika: bei inapanda kesho. Nimeisikia hiyo kesho kwa miaka kadhaa sasa, na bado haijachakaa.

Mimi si mtu wa kukurupuka. Ni fundi wa mashine za kumenyea kahawa. Shule niliiacha mapema, na yaliyobaki nimejisomea mwenyewe, kuanzia sheria za ardhi hadi aina za udongo. Kwa hiyo magoti yangu yalipoanza kulalamikia baridi ya Mbinga, nikaamua tuuze nyumba yetu ya mjini tukajenge ziwani kwenye joto, na nilikusudia kununua kama mtu aliyesoma. Ushauri kwa wanunuzi wa viwanja ninaujua wote, na wote niliufuata. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Nyumba ya Mbinga ilikwisha kupata mteja, muuguzi wa kike aliyehamishwa kutoka Kitai, mtu mstaarabu, mwenye kupenda usafi kiasi cha kupitisha kidole juu ya dirisha letu na kukiangalia. Alitaka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Kilichobaki ni saini ya mke wangu, maana sheria haimruhusu mume kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Najua, kwa sababu mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha kifungu hicho, jioni moja, kwa fahari. Alinisikiliza vizuri kuliko nilivyodhani.

"Nyumba hii tulifyatua tofali pamoja," alisema. "Siwezi kuuza ninapolala kwa sababu ya mahali ambapo sijapaona."

"Nitakuonyesha."

"Nitapaona siku nitakayochagua mimi, baba watoto. Karatasi yako ya ridhaa niachie."

Aliikunja akaiweka kwenye pochi yake, pamoja na rozari.

Kiwanja chenyewe nilikuwa nimekipata miezi michache kabla, kupitia dalali wa Mbamba Bay, kijana mwenye simu tatu na viatu visivyowahi kuona mchanga. Tangazo lake lilisema: mandhari ya ziwa, upepo mwanana, mazingira tulivu, majirani wastaarabu. Nilipompigia kuomba siku ya kwenda kukiona, alinijibu kwa upole.

"Kiongozi, njoo mbalamwezi. Watu wa huku mbalamwezi ndiyo wanakuwa na nafasi."

Nikaona huo ni ungwana. Nilimweleza mke wangu kwamba watu wa ziwani hawapendi mgeni ajikwae gizani.

Nilikwenda mara tatu, na mara zote mwezi ulikuwa mpevu. Mwenye kiwanja alikuwa mama mjane, mzee wa kutosha kuniita mwanangu. Nilimwamkia shikamoo, nikakaa kwenye kigoda, nikaanza kuuliza. Hati ilikuwepo. Watoto wake wote walikubali mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Majirani wa pande zote walikuja kunionyesha mipaka, nao walikuwa wametulia, wamepumzika, wengine wamelala kivulini mchana kweupe. Nilimwuliza mmoja maji hupanda hadi wapi masika yakiwa makubwa, nikaanzia hapo kupima zile mita sitini ambazo sheria inakataza kujenga. Kiwanja kilikuwa nje ya mstari. Nilionja maji ya kisima. Nilisimama barabarani nikasikiliza kelele. Hapakuwa na kelele.

Kilichonivutia zaidi ni usafi. Hapakuwa na hata jani moja. Kote kulikuwa kumesawazishwa na kufagiwa, kokoto ndogo zimetandazwa kama uani kwa paroko. Nilichimba kidogo kwa kisu nikaona vitu vidogo vinameta kwenye udongo. Mtu ambaye hajasoma angepita tu. Mimi nilivitambua mara moja. Nikamwambia dalali kwamba udongo huu una ulanga.

"Ulanga, kiongozi?"

"Madini. Si ya kuchimba, lakini ni dalili ya ardhi imara."

"Eee," alisema dalali, akaandika kwenye simu. Wiki hiyohiyo tangazo lake liliongezewa maneno: *ardhi imara yenye dalili za madini.*

Mke wangu alichagua siku yake. Alikuwa na shughuli za jumuiya, kisha maharage ya kupepeta, kisha mgonjwa wa kumtazama kwao Mapera, hivyo tukajikuta tunateremka kwa Hiace siku chache tu kabla ya muuguzi kutaka jibu lake. Mwezi wa angani ulikuwa umekwisha kabisa. Dalali nilipompigia simu alisita.

"Kiongozi, si mngesubiri kidogo?"

"Tusubiri nini?"

"Basi tu. Watu wana kazi."

Harufu ilitupokea kabla ya mwenyeji. Kisha nikakiona kiwanja changu, au tuseme sikukiona, kwa sababu kilikuwa kimefunikwa chote na usipa. Samaki wale wadogo, wa fedha, wametandazwa kutoka mpaka hadi mpaka. Wanawake walikuwa wameinama wanawageuza kwa fagio za vijiti, redio mbili zinaimba nyimbo mbili tofauti, kunguru wamejipanga juu ya mti kama wajumbe wa kikao. Nilitazama chini. Miguuni pangu ulanga ulikuwa unameta, magamba kwa magamba.

Mambo niliyoelezwa pale, mtoto yeyote wa ziwani anayajua. Usipa huvuliwa kwa taa. Taa humvuta samaki usiku wa giza, lakini mwezi ukiwaka taa haina kazi, mitumbwi inalala, na hapo ndipo watu hupata nafasi ya kufanya harusi, vikao, na kuonyesha viwanja. Hakuna aliyenidanganya. Kila mara nilikuwa nimekuja likizoni mwao. Sisi wa milimani mwezi tunautumia kujua Pasaka itaangukia lini.

"Mama," nilimwambia mwenye kiwanja, "mbona hukunieleza?"

"Mwanangu, uliuliza hati, ukauliza mpaka, ukauliza maji mpaka ukayanywa. Samaki hukuuliza."

Mke wangu alikuwa amekwisha kuvua viatu. Alimwendea mwanamke mmoja mnene aliyejifunga kanga mbili, wakasalimiana kama watu waliopotezana.

"Mnaanika hapa tangu lini, dada?"

"Tangu bibi zetu. Hapa ndipo jua linapokaa, na mchanga hauingii."

"Na huyu baba akijenga?"

Yule mwanamke alinipima kwa macho kuanzia kofia hadi viatu.

"Kumbe ndiye yeye, mzee wa kupima! Ajenge tu, dada. Ataezeka bati?"

"Bati," nilijibu.

"Jamani, sikieni! Bati!" aliwaita wenzake. "Bati linakausha kuliko kokoto. Tutaleta ngazi wenyewe."

Walicheka wote, na redio zikapunguzwa ili wanaocheka wasikike vizuri. Nilisema, kwa utulivu, kwamba ningezungushia ukuta.

"Ukuta vizuri sana, shemeji. Mbwa wanatusumbua."

Mke wangu alicheka mpaka akashika magoti. Kisha akanunua usipa, debe zima, ingawa nusu yao walikuwa bado wabichi kidogo, kwa sababu, alisema, bei yao ni nzuri. Karatasi ya ridhaa haikutoka kwenye pochi. Njia nzima ya kupanda nilimweleza kwa utaratibu: upepo hutoka upande mmoja, chumba cha kulala kingekuwa upande mwingine, na kwa mwenyekiti wa mtaa tungeweza kuandikishana saa za kuanika.

"Utatia saini?" nilimwuliza tulipokaribia Mbinga.

"Nimekuambia nimekataa?"

Nikaanza upya kumweleza habari za upepo.

Muuguzi alikuja siku ya mwisho wa mwezi, asubuhi, amevaa sare iliyopigwa pasi. Nilikuwa nimeandaa maelezo ya kumwomba atusubiri kidogo. Nilitoka kumpokea na kumkuta amesimama getini, haingii. Ua wetu mzima ulikuwa umetandikwa vyandarua vikuukuu, na juu yake usipa. Wengine walikuwa juu ya paa la jiko. Paka wa mtaa mzima walikuwa wamehudhuria. Jua la Mbinga, ambalo huwa linatoka kwa kusitasita, siku hiyo lilikuwa limejitolea.

"Shikamoo mama," muuguzi alimsalimu mke wangu, leso ikiwa puani.

"Marahaba, karibu mwanangu. Pita hapo katikati, usikanyage."

"Mama, hivi... hapa huwa mnaanika?"

Nilifungua mdomo ili nieleze kwamba ni mara ya kwanza tangu tofali la kwanza kuwekwa. Mke wangu alinitazama. Nilikumbuka kwamba mnunuzi makini hujiulizia mwenyewe, na kwamba muuzaji si lazima ajibu swali lisilomhusu. Huo nao ni ushauri mzuri. Nikafunga mdomo.

"Siku za jua," alisema mke wangu. "Na majirani nao wameanza kuomba nafasi."

Muuguzi aliangalia paa la jiko, kisha paka, kisha viatu vyake vyeupe. Alisema angetupigia simu. Kuna nyumba nyingine, alisema, upande wa hospitali, dalali wake amemwambia ni mazingira tulivu.

"Uliza vizuri," nilimwambia, kwa moyo mweupe kabisa.

Alipokwisha kuondoka, mke wangu alichukua ufagio wa vijiti, akaanza kuwageuza usipa upande wa pili.