Mkaja wa Saida

Saida wa Mahurunga alifikisha miaka arobaini na sita bila kuikanyaga bahari, na siku alipoikanyaga aliikanyaga kwa hasira.

Miaka tisa nyuma mumewe, Asadi, alimchukua binti yao Nuru akampeleka kwao Msimbati, eti akasome. Talaka ilifuata baadaye, tena kwa mdomo wa muuza dagaa. Saida akabaki na shamba la muhogo na godoro moja. Kila msimu alituma korosho kwa mtoto, na kila msimu hakuletewa hata salamu.

Sasa Nuru alikuwa anaolewa. Asadi aliwaambia wakwe kwamba mama wa bi harusi alitoroka na mwanamume, yuko Msumbiji, kwa hiyo mkaja atafungwa Latifa, mke mdogo. Mkaja ni kitambaa anachopewa mama mzazi, malipo ya kile alichojifunga tumbo baada ya kujifungua. Atakayefungwa mkaja mbele ya wanawake, huyo ndiye mama.

Nuru aliiba dakika mbili za simu akampigia Pendo, jirani wa mama yake. Pendo alikuja mbio mpaka jikoni kwa Saida. "Harusi ni Ijumaa usiku! Mtoto anasema uje kabla ya magharibi, kabla mkaja haujafungwa."

Mvua ilikuwa imeikata barabara. Fauzia, mtani wake Saida, akautoa mtumbwi wa kaka yake. Jumanne asubuhi wanawake watatu waliingia Ruvuma, Fauzia nyuma na kafi kubwa, Saida mbele, Pendo katikati na kopo la kukumbia maji. Siku ya kwanza viboko waliwalazimisha kukaa kichakani saa nzima. Siku ya pili, pale mto unapokutana na bahari, mawimbi yaliuinua mtumbwi mpaka Pendo akamwita Yesu na Fauzia akamwita Mtume.

"Iteni wote," Saida alifoka, "lakini kumbeni maji!"

Alhamisi alfajiri walikuwa tayari wanapita kando ya mikoko, Msimbati haiko mbali. Wakajipa raha. Walifunga mtumbwi kwa kamba fupi kwenye mzizi, kama wanavyofunga mtoni, wakapika uji, wakalala kidogo. Walipoamka, maji hayakuwepo. Mtumbwi ulikuwa umekaa juu ya tope, na bahari imekimbia mbali, inang'aa kama bati.

"Nani kaifungulia?" Fauzia aliuliza. "Mto wetu haujawahi kuniacha hivi. Ungekuwa mwanamume ningesema ni Asadi."

Saida hakucheka.

"Tuna leo na kesho nzima," Pendo alisema, akijinyoosha. "Maji yatarudi. Mtoto mwenyewe alisema wazi kabisa: mwambie mama, usiku wa Ijumaa."

Saida aliweka bakuli chini. "Rudia."

"Nini?"

"Alivyosema. Maneno yake, siyo yako."

"Usiku wa Ijumaa. Si ndiyo Ijumaa usiku?"

Fauzia alijishika kichwa. "Yallah! Pendo, usiku wa Ijumaa ndio huu wa kuamkia Ijumaa. Kwetu Waislamu usiku hutangulia mchana wake. Ni leo!"

Pendo alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Mimi ni wa kanisani, Saida. Sikujua. Wallahi sikujua."

"Unaapa kwa kiapo cha nani?" Saida alisema kwa sauti ndogo iliyotisha kuliko kelele. Kwa miaka tisa alikuwa amewasikia watu wakisema hawakujua. Asadi hakujua, mashemeji hawakujua, muuza dagaa naye hakujua. Alitamani kumpiga mtu, na aliyekuwa karibu alikuwa Pendo.

Pendo hakungoja. Alifunga kanga kiunoni, akashuka topeni mpaka mapajani, akaweka bega kwenye mtumbwi. "Nitukane huku unasukuma," alisema.

Wakasukuma. Tope liliwavuta miguu, maganda ya chaza yakawachana nyayo. Wakisogea hatua kumi wanapumzika, na kila wakipumzika Saida analitazama jua. Jua lilipita utosini. Fauzia alianguka, akainuka uso mweusi kwa tope, wala hakuna aliyemtania. Bahari ilipoanza kurudi waliilaki wakiwa bado wanavuta. Mtumbwi ulipoelea, Saida hakuyahisi tena mabega yake.

Walipiga makafi. Upepo wa kusi uliwasukuma kwa nyuma. Vivuli vya minazi ya Msimbati vilikuwa virefu walipogusa mchanga, na ngoma ya wanawake ilisikika waziwazi.

Saida hakunawa. Aliingia uani jinsi alivyokuwa, damu na tope miguuni, Pendo na Fauzia nyuma yake. Ngoma ikakatika. Katikati ya mkeka alisimama Latifa, kajipamba, na kitambaa chekundu kilikuwa tayari kiunoni mwake. Shangazi wa bwana harusi alikuwa ndiyo kwanza anakaza fundo.

"Wewe ni nani?" shangazi aliuliza.

"Mama yake Nuru."

"Tuliambiwa mama yuko Msumbiji."

"Basi mjue mlidanganywa. Mtoto yuko ndani, kamuulizeni alinyonya ziwa la nani."

Hawakuhitaji kwenda. Nuru alikuwa amesimama mlangoni, hina haijakauka, na ua mzima ulimsikia akiita, "Mama!" huku akimpita Latifa kama nguzo.

Adhana ya magharibi ilianza. Shangazi alimtazama bi harusi, akamtazama yule mwanamke wa tope, kisha akainama alifungue fundo. Lilikuwa limekaza. Latifa, macho chini, akalinyonya tumbo ndani ili kitambaa kimtoke upesi.

"Ngoja ujifute kwanza," shangazi alimwambia Saida. "Kitachafuka."

"Kichafuke," Saida alisema, akainua mikono. "Funga."