Baiskeli Isiyoguswa na Fundi

Miaka ile ungemuuliza mtu yeyote wa Kadutu, mtaa wa Bukavu, ni nani anayejua kutunza baiskeli, angekutajia Aloys Mushagalusa, na Aloys wala hakuwa fundi. Alikuwa planto wa ofisi moja ya serikali, mtu wa kupeleka barua na kurudi na jibu. Kazini aliitwa citoyen, yaani mwananchi, Mushagalusa, maana serikali ilikuwa imekataza majina ya ubatizo. Nyumbani na kanisani alibaki Aloys, na hakuna aliyekuja kumkamata. Alizaliwa Nyantende, akaja mjini akiwa kijana, akamwoa Bibiane, akanunua baiskeli. Mengine yote ya maisha yake yangeweza kusahaulika, lakini baiskeli ile ilimpa jina.

Kila Jumamosi, salongo, ile kazi ya umma ya lazima, ikiisha na wenzake wakielekea kwenye kasiksi, pombe ya ndizi, yeye aliipindua uani, magurudumu juu, akaifungua na kuisafisha mpaka mnyororo unang'aa. Ujanani alimwachia fundi mmoja wa sokoni baiskeli yenye mnyororo mpya, akarudishiwa yenye mnyororo uliolegea, na yule fundi akaapa kwa jina la mama yake kwamba ni uleule. Tangu siku hiyo Aloys aliwatia mafundi wote kapu moja: wezi na waharibifu. Aliyasema hayo ofisini, aliyasema msibani, aliyasema hata kwa watu ambao hawakuwa na baiskeli.

Ajabu ni kwamba rafiki yake mkubwa alikuwa fundi. Floribert alifanya kazi chini ya bati moja karibu na soko, na ndiye aliyekuwa parrain, baba wa ubatizo, wa Nsimire, binti wa kwanza wa Aloys. Yaani Aloys alimwamini kumshikia mtoto mbele ya Mungu, lakini hakumwamini kumshikia gurudumu. Floribert mwenyewe alicheka tu. Mkewe, Virginie, hakucheka.

Jumapili moja alfajiri Floribert alibisha hodi, macho mekundu.

“Papa Nsimire, mama amekufa kule Mudaka. Banamuzika leo. Nipatie kinga yako.”

Kinga ndiyo baiskeli, kwa wasioijua Bukavu. Chini ya bati lake Floribert zilikuwepo kinga kadhaa za wateja, zimeshatengenezwa, lakini hakuwahi kupanda ya mteja hata siku moja, na hakutaka kuanza siku ya msiba.

Aloys aliitoa mara moja. Tungemsifu kwa hilo, kama angenyamaza. Ila mdomo wake ulikuwa umezoea.

“Chukua. Hii kinga haijaguswa na mukono ya fundi ata siku moja.”

Mtu amefiwa na mama, na yeye anajisifia spana.

Floribert alikuwa na desturi ya kazi yake: kabla ya kupanda baiskeli yoyote aliminya breki na kutikisa gurudumu. Asubuhi hiyo mkono wake ulikwenda kwenye breki, kisha ukarudi. Kwetu ukipewa kitu na rafiki, huanzi kukipimapima mbele ya macho yake, maana ni kama kumwambia humwamini. Alishukuru, akapanda, akaondoka.

Mteremko wa mwisho kabla ya Mudaka ndio uliomwangusha. Alipominya breki ya nyuma, waya ulichomoka wote. Ya mbele ilikuwa imeisha mpira zamani, na Aloys alikuwa akitegemea ya nyuma peke yake. Floribert aliingia mferejini na baiskeli, kifundo cha mkono wa kulia kikavunjika. Wapita njia walimpeleka dispensari. Wakati anafungwa mfupa, mama yake alikuwa anashushwa kaburini, na udongo wa kwanza, ambao ni wa mtoto wa kwanza, ulitupwa na mdogo wake.

Huyo mdogo wake ndiye aliyeirudisha baiskeli jioni, gurudumu limepinda. Aloys alisubiri aondoke, kisha akachuchumaa. Waya wa breki ulikuwa unaning'inia. Pale ambapo nati ndogo huukaza usiteleze, hapakuwa na nati. Nati hiyo alikuwa nayo yeye, ndani ya mfuko wa suruali ya kazi. Jumamosi, alipomaliza kufunga kila kitu, aliiona chini imebaki. Akajaribu breki, ikashika, akajiambia labda ni ya kitu kingine. Kuifungua baiskeli yote upya aliona uvivu, na giza lilikuwa linaingia.

Aibu ilimpanda mpaka masikioni, yuko peke yake uani, hakuna hata anayemtazama. Bibiane alipouliza baiskeli imepatwa na nini, alijibu kwamba barabara ni mbaya.

Kadutu nayo ilikuwa na maelezo yake. Baiskeli ile haijaharibika miaka yote, watu walisema, na siku ya kwanza kuingia mikononi mwa fundi ikataka kumwua. Bila shaka Floribert aliichezea njiani, kama wanavyofanya wote. Waliokuwa wameacha baiskeli zao chini ya lile bati walikuja kuzichukua. Fundi wa mkono mmoja, tena mharibifu, wa nini? Maneno hayo yalikuwa ya Aloys mwenyewe, aliyapanda kwa miaka, na sasa yalikuwa yanatembea bila yeye.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Jean-Baptiste, muuza vitenge, alimshika bega mbele ya watu.

“Papa Aloys, wewe ulikuwa na haki. Bale bafundi habana maana.”

Hapo ndipo pangekuwa mahali pa kusema. Kinywa kilifunguka kabisa. Lakini watu walikuwa wanamtazama kwa heshima, na heshima ile alikuwa ameijenga Jumamosi kwa Jumamosi. Akatikisa kichwa kukubali. Alipogeuka, alimwona Virginie amesimama nyuma yake, kitambaa cha matanga kichwani. Alipita tu.

Wiki ile Aloys hakula vizuri. Barua za ofisi alizipeleka kwa miguu, na kila aliyempa pole ya baiskeli alimwongezea mzigo. Aliogopa kukutana na Floribert, akawa anazunguka soko kwa mbali kama mdaiwa. Jumapili ilipofika, aliwasimamisha watu walewale palepale nje ya kanisa, jasho linamtoka.

“Ni mie nilikosa. Nilisahau kukaza nati ya freni. Iko hapa. Floribert hakugusa kitu.”

Waliitazama ile nati kiganjani mwake. Kisha Jean-Baptiste akatabasamu kwa upole.

“Papa Aloys, tunakujua. Unamufunikia parrain wa mutoto wako.”

“Hapana. Nasema kweli.”

“Wewe usahau nati?” alisema Marie-Louise, kiongozi wa kina mama wa parokia. “Iko na roho muzuri huyu papa. Angalieni namna anapenda mwenzake.”

Kadiri alivyojishtaki ndivyo walivyozidi kumsifu. Mmoja alimpa mkono. Aloys aliirudisha nati mfukoni, akaondoka akiwa ametukuzwa, na hakuna siku aliyowahi kujiona mchafu kama hiyo.

Alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Floribert. Alimkuta ameketi mlangoni, mkono umefungwa kwenye kitambaa cha shingoni. Virginie alipomwona aliingia ndani. Aloys hakukaa. Alisema yote akiwa amesimama: nati, uvivu, kichwa alichokitikisa, na jinsi alivyotoka kuwaambia watu wakakataa. Kisha akaomba msamaha kwa ajili ya mama.

“Ya mama, usiniombe leo,” Floribert alisema. “Ya nati nilijua tangu mu mufereji. Niliona waya inaning'inia.”

“Sasa juu ya nini haukusema?”

“Nilisema. Nilisema ku dispansere, nilisema ku soko. Nani anaamini fundi?”

Kutoka ndani ilisikika sauti ya Virginie akiosha vyombo.

“Na mie leo nimesema,” Aloys alisema, “habakuniamini.”

Floribert alimtazama. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililomwumiza Aloys zaidi.

“Ndiyo,” alisema. “Lakini wewe, bakikosa kukuamini, banakuita mutu muzuri. Mie, bakikosa kuniamini, banakuja kuchukua kinga zao.”