Mafiga Matatu ya Kisiwani

Harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji hunishtua hata leo, mimi bibi mzima mwenye wajukuu. Inanirudisha kwenye kisiwa kidogo kilicho mbele ya mji wetu wa Nengo, ng'ambo ya ziwa kutoka Ujiji, mwendo mfupi kwa mtumbwi, katikati ya miaka ya hamsini, nilipokuwa na miaka tisa. Palikuwa na nyumba moja tu, ya mawe na chokaa, aliyoijenga baba yake bibi yangu alipofika huku na biashara ya chumvi kutoka Ujiji. Mbele yake ulienea uwanja wa majani mafupi hadi majini. Wavuvi walianika nyavu pale, na sisi Waislamu wa mjini tuliswali Idi pale pale, tukapika pilau juu ya mafiga matatu, na wavuvi Wakristo wakala nasi mpaka masufuria yakang'aa.

Bibi yangu huyo, Mwamini, ndiye aliyeshika ufunguo wa nyumba, na alikuwa mkali kweli kweli. Hakuna kulima, hakuna kulala, hakuna kukata mti. Binamu yake mmoja alipopanda viazi nyuma ya nyumba, bibi aling'oa mashina yote kwa mikono yake, akamnunia hadi Ramadhani. Kwake yeye kutunza ardhi kulikuwa ni kuiacha ipumue. Sote tulimwamini, na sioni hata sasa kwamba alikosea.

Kisha tukasikia kuwa Mzungu mmoja mwenye mashamba anakitaka kisiwa ajenge nyumba ya kupumzikia, na serikali ingemtuma afisa aje kuangalia kama kina wenyewe. Bibi hakuhangaika. Alisema afisa akiona tulivyokitunza, ataona haya hata kuuliza. Basi siku mbili tulisafisha kama tunamngojea bwana harusi. Nyavu ziliondolewa, kuta zikapakwa chokaa, na mimi nikapewa kazi ya jikoni. Nilizoa majivu nikayatupa ziwani, nikamwagia maji pale yalipokuwa, kisha nikayaviringisha mafiga yenyewe majini, kwa sababu yalikuwa meusi na yananitia aibu. Bibi alinisifu mbele ya watu.

Afisa alikuja na karani wake, akatembea akiangalia chini muda wote. Karani akauliza, "Mama, iko mutu anakaaka hapa?"

"Hapana, bwana. Hakuna mutu analalaka hapa."

"Na mashamba?"

"Hatulimake, hata kidogo. Angalia vile iko safi."

Afisa akasema neno kwa Kifaransa. Karani akageuka. "Anauliza, munapikaka wapi?"

Bibi akanyoosha kidole, na kidole kikabaki hewani, maana pale palikuwa na udongo uliofagiliwa tu. Mafiga yalikuwa ndani ya maji yasiyofika magotini, hatua chache kutoka nilipokuwa nimesimama. Nilitaka kusema. Lakini mtoto hakuingilia maneno ya wakubwa mbele ya serikali, basi nikamtazama afisa akiandika.

Jibu lilikuja baada ya mvua: ardhi haikaliwi wala hailimwi, kwa hiyo haina mwenyewe. Tulikwenda ofisini mara tatu, tukakalishwa barazani, tukarudi. Nyumba ilibomolewa, mawe yake yakajenga ngazi za kushukia boti. Bibi aliacha kuzungumzia kisiwa, na ufunguo akaendelea kuufunga kwenye pindo la kanga yake mpaka siku tulipomwosha kwa mazishi.

Siku hizi vijana wa mji wanasema majengo ya zamani yalindwe na viwanja vya wazi visimalizwe kwa kujengwa. Wanakuja kuniuliza nyumba ilikuwaje, wanaandika, wananishukuru. Nawaeleza, ila sina cha kuwaonyesha zaidi ya ufunguo. Kwangu wageni wakija sizoi majivu, na wanangu wanaona haya, nawaacha. Kisiwa nakiona kila nikienda sokoni, kimezungushiwa waya, majani yamekatwa mafupi vizuri kabisa. Kiangazi ziwa likipungua, nafikiri mafiga yangu yanaonekana pale chini. Nikienda kwa mtumbwi kuangalia, mlinzi ananiambia kwa adabu kwamba hairuhusiwi kupita.