Taa ya Oili Kwenye Pikapu ya Baba Mkwe

Injini ya kwanza baba mkwe aliiua mwenyewe. Alikuwa ametia injini ya gari lingine kwenye pikapu yake, na nyaya zote akazikata kwenye bunda moja la waya mweusi, zikafanana. Ule wa kipimo cha joto na ule wa taa ya oili akazibadilisha bila kujua. Oili ilipokwisha taa haikuwaka, injini ikaungua, na ili ipatikane nyingine akauzwa ng'ombe wetu wa pekee. Ng'ombe ambaye mtoto wangu alikunywa maziwa yake! Nilikasirika, sitadanganya, lakini ningemwambia nani?

Sisi tulikuwa Wakisii tuliohamia karibu na mji mdogo wa Silibwet, na kanisa halikuwa limetuondolea adabu za kwetu. Mke wa mwana hamsemeshi baba mkwe wake, hamtazami usoni, na kiti chake hakikalii. Ukiwa na neno, unampa mumeo alipeleke.

Siku ya kufunga injini ya pili mume wangu alikuwa zamu kiwandani, mama mkwe naye sokoni. Mimi nilikuwa nimetoka tu kuchuma chai, kikapu bado mgongoni. Mzee alisimama mbele ya boneti, nyaya mbili nyeusi mkononi, akauliza hewani kama kuna mtu wa kumwangalizia dashibodi. Kazi yenyewe si ngumu: yeye anagusisha waya kwenye chuma cha injini, aliye ndani anamwambia kama taa imewaka au mshale wa joto umepanda. Nikafikiria injini hii nayo ikifa tutauza nini tena. Nikatua kikapu, nikaingia, nikakaa kwenye kiti chake.

Sikusema neno. Taa ikiwaka niligonga mlango mara moja, mshale ukipanda mara mbili, naye akanielewa. Akafunga kila waya mahali pake. Swichi ya ufunguo ilikuwa imekufa zamani, kwa hivyo aliliwasha gari huko huko mbele. Taa ikazimika vizuri, ishara kwamba oili inazunguka, nikashusha pumzi.

Halafu ikawaka tena. Nikagonga mlango, nikagonga, wapi! Injini ilikuwa inanguruma, na yeye ameinama humo ndani hasikii kitu. Nikatoa kichwa dirishani.

"Baba, zima!"

Akazima. Oili ilikuwa imetapakaa kwenye nyasi chini ya gari, kumbe kuna nati hakuikaza. Nikajifunika uso kwa leso, nikingoja anifukuze kwake. Mzee akafuta mikono polepole, akaja mpaka dirishani, akanitazama usoni.

"Mwanangu," akasema, "kaa hapo hapo. Ngoja nikaze nati, nitie oili nyingine, tujaribu tena."

Nililia, na sikujali kwamba ananiona.