Mvua ya Kibamba na Mechi ya Noela

Demetria aliletwa Dar es Salaam kutoka Masasi na mumewe, fundi seremala. Mume alipofariki, akabaki Kibamba na binti mmoja, Noela, akamlea kwa kuuza vitumbua. Noela akaupenda mpira kuliko kitu kingine, na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Polikarpo, kaka wa marehemu, alijiona ndiye baba wa mtoto.

"Msichana kuvaa bukta mbele za watu," alisema. "Ukoo wetu haujafika huko."

"Basi umefika," Demetria akamjibu.

Masika yale, timu ya Noela ilikwenda kucheza Mwanza, na mechi ikapangwa kuonyeshwa kwenye televisheni. Demetria akaalika majirani, akamwalika na Polikarpo. Alikuja, akakaa kiti cha mlangoni amekunja mikono.

Mchana huo wingu jeusi likatanda toka upande wa Kisarawe. Timu zilikuwa ndiyo kwanza zinaingia uwanjani mvua ilipoanza kumwagika. Picha ikaganda, ikakatika vipandevipande, kioo kikabaki na maandishi kwamba hakuna mawimbi. Mawimbi ya dishi hutoka mbali angani, na mvua nzito huyamaliza njiani.

Polikarpo akacheka. "Umeona? Hata Mungu hataki tumwone."

"Mungu anainyeshea Kibamba, shemeji. Mwanza wanacheza."

Akajitanda khanga, akatoka. Jirani yake mzee Ansbert alikuwa na king'amuzi cha antena, kinachonasa mawimbi ya mnara wa hapa hapa mjini, ambayo mvua haiyasumbui sana.

"Shikamoo, mzee. Naomba king'amuzi chako."

"Marahaba. Lakini mwanangu, hakiwagi na picha nzuri hicho."

"Nipe hivyohivyo."

Alirudi ameloa chapachapa. Jesca, jirani mwingine, akaunganisha waya, na Demetria akasimama barazani ameshika antena, akiigeuza taratibu kuelekea mjini.

"Rudisha kidogo, mama Noela," Jesca akaita kutoka ndani. "Hapohapo. Usitikisike."

Picha ikaja, yenye chengachenga. Watu wakashangilia, wakamtaja Noela, na mama yake huko nje alikuwa anauona ukuta tu. Kila alipotaka kuchungulia, picha ilipotea.

"Shemeji," akaita, "njoo ushike huku."

Polikarpo akatazama pembeni. Watu wote walikuwa wanamwangalia yeye. Akainuka polepole, akaenda kuipokea antena.

Demetria akaingia, akakaa mbele kabisa, maji yakimchuruzika. Binti yake alikuwa beki. Alikuwa anampanga mwenzake kwa mkono, anafoka, anaruka kuondoa mpira wa kichwa.

Walifungwa bao moja. Polikarpo, ambaye kwa urefu wake alifikia dirisha bila kuisogeza antena, alikuwa ameyaona yote, bega limelowa.

"Si nilisema," alianza.

"Jumapili wanacheza tena," Demetria alisema, akiipokea antena. "Uje mapema."