Mtu Waliyemtaka Nje

Wakati ule, ng'ambo ya Feri, huko Likoni, watu wa bara walikuwa wakichinjwa. Sisi wauguzi wa zahanati ndogo ya Mji wa Kale tulizoea upesi mno majeraha ya panga: mikono iliyokinga uso ikakatwa, visogo vilivyofunguka. Mwenzangu wa zamu alikuwa mtu wa bara. Kakake aliuawa huko huko Likoni, mlangoni mwa nyumba aliyopanga, naye alirudi kazini hata matanga hayajaisha, kwa kuwa hatukuwa na mtu mwingine.

Asubuhi moja hamali alisukuma mkokoteni wake mpaka mlangoni petu. Juu yake alilala mwanamume aliyepigwa mpaka uso umevimba.

"Watu wamemkamata pale Feri," hamali alisema, akihema. "Wasema ni mmoja wa wale wachinjaji. Nimemtorosha walipokwenda kutafuta petroli."

Tulimlaza mezani. Mshipa wa paja ulikuwa umekatwa na damu iliruka. Niliikandamiza kwa ngumi zote mbili. Mwenzangu alishika mkasi akate suruali, kisha akasita.

"Muulize alikuwa wapi usiku ule kakangu alipouawa," aliniambia.

Yule mtu aliomba maji tu. Mwenzangu akauelekeza mkasi kooni mwake, ncha ikabonyeza ngozi. Ningeachilia paja, mtu angekufa. Nisingeachilia, angekufa vilevile. Nikapiga ukelele kumwita matroni, mkuu wetu wauguzi.

Matroni alikuwa mama mtu mzima, mzaliwa wa Mji wa Kale hapo hapo. Hakumpokonya mkasi. Alisimama ubavuni pake.

"Mwanangu, si lazima umguse wewe. Hapana atakayekulaumu. Nipa mimi, kisha ukae pale."

"Na akipona akarudi kuua?"

"Sijui. Wallahi sijui. Lakini hapa humuui, na mimi sikuachi peke yako."

Mwenzangu aliutoa mkasi kooni, akampa, akachutama ukutani, akalia kwa sauti.

Hatukupata wakati wa kufunga jeraha; ngumi zangu zilikuwa bado pajani. Umati ulifika ukipiga kelele, "Mtoeni! Mtoeni tumchome!" Matroni alitoka barazani. Nilimsikia akiwaambia kwamba mgonjwa wake hatoki, na anayemtaka amkanyage yeye kwanza. Jiwe likampata mdomoni. Alirudi ndani kanga yote damu, akatia komeo.

Wakavunja kioo cha dirisha lililokuwa juu ya meza. Mkono ukapita kati ya nondo, ukamshika yule mtu nywele na kuanza kumvuta. Mwenzangu aliinuka. Alichukua sinia la chuma la vifaa, akaupiga ule mkono, akaupiga tena na tena, mpaka nikasikia mfupa ukivunjika na mtu huko nje akilia kama mtoto. Hakuacha hata vidole vilipokwisha kuachia.

Polisi walipiga risasi hewani, umati ukatawanyika, na majeruhi akapelekwa hospitali kubwa. Alipona. Baadaye tulisikia ameachiliwa kwa kukosa ushahidi. Mpaka leo sijui alikuwa nani.

Mimi ndiye niliyemshona matroni mdomo. Hata ganzi haijaisha, alituita sote katika chumba cha dawa, akamimina kahawa.

"Humu haturipotiani," alisema. "Kila mtu aseme alilotenda na alilotaka kutenda."

Mwenzangu alisema alitaka kumuua yule mtu. Alisema pia kwamba hakuupiga ule mkono ili kumwokoa. Tangu mazikoni alikuwa akitafuta mtu wa kumpiga. Hakuna aliyemkemea.

"Na sasa wataka nini?" matroni alimuuliza.

"Bado nataka."

"Basi chumba cha vidonda usiingie, mpaka uniambie mwenyewe kwamba hutaki tena."

Habari za mkasi ziliwafikia wakubwa, sijui kupitia kwa nani, wakataka afukuzwe. Matroni aliwaambia wamfukuze na yeye, kwani ndiye aliyempanga kazini na msiba ukingali mbichi. Wakaliacha shauri hilo. Kikao cha kahawa kikaendelea kila wiki.

Miezi ilipita kabla mwenzangu hajaomba kurudi. Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa mlevi aliyejikata kwa chupa, aliyemtukania kabila lake na mamake. Alimshona polepole, na matroni ameketi kitini nyuma yake, mpaka uzi wa mwisho.