Mkwe wa Kujiteua

Jamani, mimi niliwahi kuwa mkwe wa watu kwa siku moja, bila posa yangu kupokelewa na bila kuambiwa na mtu yeyote, na ile siku moja ilinitosha. Watoto wangu wanajua mkasa huu nusu tu, ile nusu ya kuchekesha. Leo nawaambia mkasa mzima, maana nimeshazeeka, na aibu ikikaa sana tumboni inazeeka na yenyewe.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Huku kwetu Handeni tulikuwa tunakaa kila ukoo na bonde lake, tukahamishwa tukawekwa kando ya barabara, nyumba kwa mistari, kisima kimoja, duka moja, shamba moja la kijiji. Waliotupanga walifikiria mambo mengi, nami siwalaumu, lakini jambo moja hawakulifikiria, nalo ni mama mkwe. Kwetu Wazigua wa wakati ule mwanamume hakutani uso kwa uso na mama mkwe wake. Akimwona anakuja anaacha njia, anageuza uso, haamkii wala hajibu, mpaka mama wa watu apite, na hiyo ndiyo heshima yenyewe. Zamani ilikuwa rahisi kwa sababu mkwe wako anakaa bonde la pili, unaweza kumaliza masika yote hujamwona. Kijijini mkwe anakaa mstari wa pili. Kulikuwa na wanaume wazima, wenye ndevu zao, wanakwenda kisimani kwa kunyata kama wezi wa kuku. Na kijiji kizima kilijua nani kamchumbia nani kwa njia hiyo: ukiona kijana anaingia kichakani kwa sababu mama fulani katokea, basi, posa imeshapokelewa, huna haja ya kuuliza.

Mimi nilikuwa namtaka Mwajabu, binti wa Mzee Bakari, wa mstari wa pili. Alikuwa amemaliza darasa la saba, na ilisemekana atachaguliwa kwenda Korogwe kwenye kozi ya ualimu, na kila aliyemjua alijua kwamba hiyo kozi ndiyo roho yake. Mimi sikumwambia neno. Nilimwambia Mjomba Mhina, kaka yake mama, maana kwetu mjomba ndiye mwenye kauli, na mjomba akasema nimwachie yeye, nitulie. (Kutulia tu, hilo ndilo niliagizwa. Halikuwa agizo gumu.)

Sasa asubuhi ya siku hiyo tuko shamba la kijiji tunapalilia pamba, likapita lori linaloelekea Korogwe, na juu ya magunia nikamwona mjomba, kavaa kanzu yake ya Idi. Aliponiona akainuka, mkono mmoja kashika kamba, mkono wa pili akanyoosha kidole juu mbinguni, akakitikisa kwa nguvu, huku anacheka (au niliona mimi kwamba anacheka, maana juu ya lori, kwenye vumbi na upepo, meno ya kila mtu huwa nje). Lori likapita. Mimi moyo wangu haukungoja hata vumbi litue. Kanzu ya Idi, kidole juu, maana yake Mungu kajalia, posa imepokelewa, na mjomba anakwenda Korogwe kununua vitu vya kupeleka kwa kina Mwajabu. Nikamwambia Rajabu, rafiki yangu niliyekuwa napalilia naye, kwamba jambo langu limekuwa. Rajabu alikuwa mtu wa taratibu, palizi yake siku zote ilimalizika ya mwisho, akaniuliza, "Amekwambia nani?"

Nikamjibu kwamba mambo mengine hayasemwi, yanaonekana. Akapalilia kidogo, kisha akaniuliza tena vilevile, amekwambia nani. Nikaona huyu ana wivu.

Kuanzia hapo kila kitu kikakubaliana na mimi. Mzee Bakari alinipita akaniita mwanangu, nikatetemeka kwa furaha (alikuwa anamwita mwanangu kila mtu, hata karani wa pamba aliyekuwa na mvi kumzidi yeye). Mchana wanawake wakaleta chakula shambani, ugali na mlenda, na mimi bakuli langu likatoka kwa Mama Mwajabu, nikaona lina mlenda mwingi kuliko la Rajabu. Mwajabu mwenyewe alipita na ndoo ya maji ya kunywa, hakunisalimu wala hakunitazama. Siku nyingine ningeumia, siku hiyo nikasema moyoni, ona binti aliyefundwa, anamwonea haya mchumba wake. Angenitazama ningesema ananipenda, hakunitazama nikasema ananipenda zaidi. Mtu akishafika hapo, hakuna ushahidi unaoweza kumshinda.

Tulipotoka shambani nikashika njia ya kisimani peke yangu, na pale njia inapokata korongo nikawaona wanawake wawili wanakuja na ndoo kichwani. Mbele Mama Mwajabu, nyuma Bi Tatu. (Kijijini kwetu redio zilikuwa chache, lakini Bi Tatu tulikuwa naye.) Hapo ndipo pa kuamua, na niliamua kabla hata ya kufikiri. Nilijiambia, nikimwamkia na kumbe ni mkwe wangu, nimemvunjia heshima mbele ya shahidi, tena shahidi mwenyewe Bi Tatu. Hilo nililiona sawasawa. Kwamba nikiacha njia na kumbe si mkwe wangu itakuwaje, hilo sikuliona kabisa, halikupita hata karibu. Nikaruka kichakani.

Kichaka kilikuwa cha upupu. Sina haja ya kueleza.

Mama Mwajabu akasimama, nikamsikia anatua ndoo. Akaniita kwa jina, Athumani, unampisha nani? Mimi kimya, maana mkwe hajibu, nikageuza uso na kuzama ndani zaidi, shingo inawaka moto, mikono inawaka moto, lakini roho imeridhika kwamba naonekana mtu wa adabu. Akauliza tena, sasa kwa sauti ndogo, "Athumani, nani kakwambia kwamba mimi ni mkwe wako?"

Nikazidi kunyamaza. Ningefungua mdomo pale pale, nikasema nimekosea mama, mambo yangeishia kichakani na wangecheka wawili tu. Lakini sikumwona uso, si ndiyo heshima, na kwa vile sikuuona nikajitengenezea uso wangu, uso wa mama anayetabasamu kwa kupata mkwe mwema. Kumbe mama wa watu alikuwa anapiga hesabu zake, na yeye harakaharaka kama mimi. Alijiambia, kwangu haijaja posa. Kijana huyu ananipisha, na nikimuuliza hajibu. Basi kuna jambo analijua yeye na binti yangu ambalo mimi silijui, na jambo la namna hiyo kwa binti ni moja tu. Alifika nyumbani jibu analo tayari, na Mwajabu alipoulizwa akaapa, viapo vyake vikaongeza shaka.

Alasiri kulikuwa na mkutano wa kijiji mbele ya ghala la pamba. Nimeoga, nimejipaka mafuta ya nazi mwili mzima na bado najikuna. Wanawake walikaa upande wao, wanaume upande wetu, na mimi, kwa heshima ileile, nikakaa nimeupa mgongo upande wa wanawake, kwa hiyo watu wote wanamtazama mwenyekiti na mimi natazama ukuta wa ghala. Rajabu akaninong'oneza nigeuke, nikamwambia aniache.

Mwenyekiti akatangaza kwamba wilaya imemkubali Mwajabu binti Bakari kwenda kozi ya ualimu. Watu wakapiga makofi. Masharti ya msichana yalijulikana, mwenye mume au mwenye mimba hapelekwi, na mwenyekiti akayasema tena, ndipo Bi Tatu akadai kwamba huyo tayari ana mume, yule pale anayetazama ghala. Watu wakacheka, na mimi nikautabasamia ukuta, nikadhani napongezwa. Kisha nikasikia sauti ya Mzee Bakari, na haikuwa ya kupongeza.

"Mwenyekiti, futa jina la mwanangu," alisema. "Mimi sijapokea posa ya mtu. Kama kijana anampisha mke wangu njiani, basi kuna lililofanyika nyuma ya mgongo wangu, na sitapeleka aibu yangu Korogwe."

Kicheko kikakatika. Nyuma yangu msichana akaanza kulia, kwa kujizuia, na hata mimi na akili zangu zile nikajua ni Mwajabu. Hapo ndipo akili yangu ya pili ilipowasili, ile ya taratibu, imeachwa na lori tangu asubuhi, ikaniuliza swali la Rajabu, amekwambia nani? Nikamtafuta aliyeniambia, nikamkosa. Hata upupu niliusahau.

Mwenyekiti akanitaka nigeuke niseme nina nini na binti huyu. Nikisema sina kitu naye, nani ataniamini, kwani kuna mvulana aliyewahi kusema vingine? Nikasimama, nikavuka uwanja mpaka upande wa wanawake, nikaenda kusimama mbele ya Mama Mwajabu, nikamtazama usoni. Wanawake wakaguna. Macho yake yalikuwa mekundu, na ule uso wa kutabasamu niliomtengenezea haukuwapo.

Nikasema, "Shikamoo, mama."

Hakujibu. Nikaeleza hapohapo kwa sauti ya kusikiwa na wote, kwamba nilimwambia mjomba wangu namtaka Mwajabu na sijajibiwa lolote, kwamba Mwajabu mwenyewe sijawahi kusema naye hata neno la pembeni, kwamba nilimwona mjomba juu ya lori ananyoosha kidole nikajipa ukwe mwenyewe, na nikaeleza mpaka bakuli la mlenda. Hilo la mlenda ndilo lililowamaliza. Watu walicheka, mwenyekiti akageukia ghala ili asionekane, na Bi Tatu akashika mbavu. Mimi nikabaki nimesimama palepale, nikarudia, "Shikamoo, mama."

Akanitazama sana. Alijua kama nilivyojua mimi kwamba akiitika amekata shauri, mbele ya kijiji kizima, kwamba yeye kwangu ni mama wa mtaani tu.

"Marahaba," akasema.

Mzee Bakari akakaa chini, na jina la Mwajabu likabaki. Mimi nikaenda zangu nyumbani kwa njia ya nyuma, na jioni ikanyesha mvua kubwa sana.

Mjomba alirudi kesho yake. Kumbe alikuwa amekwenda Mpale, huko upande wa Korogwe, kwa mjomba wake Mwajabu, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa, mjomba wa binti aulizwe kwanza ndipo wazazi. Alishuka kwenye lori na kanzu yake, anacheka kweli safari hii, akanishika mabega akaniambia wamekubali. Kisha akatupa macho uani kwake akaona mahindi yake aliyoyaanika yamelowa yote, yameanza kuvimba. "Athumani, si nilikuonyesha mawingu?" akasema. Nilipomweleza ya jana aliketi juu ya kinu, hakunigombeza, na afadhali angenigombeza.

Tulikwenda sote wawili kwa Mzee Bakari usiku uleule. Alitupokea vizuri, akatusikiliza, akasema hana ubaya na mimi, lakini akipokea posa yangu wakati huu, kijiji kitasema Bi Tatu alisema kweli, na wilaya itamwacha binti. Nilichokikana mbele ya watu, akasema, nikiache hivyohivyo. Nikasema ndiyo baba. Ningesema nini? Alikuwa ametumia akili kuliko sisi wote.

Siku ya Mwajabu kuondoka kijiji kilimsindikiza barabarani, na mimi nikabeba sanduku lake kama vijana wengine. Alipolipokea akaniambia kwa sauti ya chini, bila hasira, "Ulimtazama mjomba, ukamtazama baba, ukatazama mpaka mlenda. Mimi hukuniuliza."

Nikamwambia, sasa nauliza, ungenijibu nini?

"Ningekwambia ndiyo, ila unisubiri nisome," akasema, akapanda lori.

Alipangiwa shule huko Bungu milimani, akaolewa hukohuko, na nasikia wanafunzi wake walimpenda. Mimi nilikuja kumwoa mama watoto wangu huyu mnayemjua, na kabla sijamtuma mtu kwao nilimfuata mwenyewe nikamuuliza kwa mdomo wangu, akashangaa, akanicheka, akakubali. Tangu hapo niliapa, la moyo wa mtu nitalisikia kwa mwenyewe au nitalala bila kulijua. Ila Mama Mwajabu tuliendelea kukaa naye kijiji kimoja mpaka Mungu alipomchukua, kisima kilekile, njia ileile, na kila tulipokutana nilisimama katikati ya njia nikamwamkia kwa sauti, naye akaniitikia marahaba, Athumani, bila hata mara moja kunipita kimya, na mimi kila siku nilitamani kumpisha.